Kosa Lisilohama: Historia ya Usogezaji wa Makusudi katika Upigaji Picha za Anga na Funzo Lake kwa Stendi Zisizo na Mwongozo

Ikisiri

Kwa takriban miaka mia moja, mpiga picha za anga alitakiwa kuhakikisha kwamba nyota haiondoki mahali pake kwenye bamba la picha. Tangu miaka ya 1980, vitambuzi vya kielektroniki vilipochukua nafasi ya mabamba, imekuwa desturi kuisogeza darubini kidogo, kwa makusudi, kati ya picha moja na nyingine. Makala hii inaeleza chanzo cha mabadiliko hayo na inajenga hoja kwamba usogezaji huo unamhitaji zaidi yule anayetumia stendi isiyo na mwongozo, hususani katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta.

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kundi la wanafunzi wa chuo kikuu wenye darubini ndogo, kamera ya kidijiti na stendi yenye mota. Wanaielekeza darubini kwenye nebula hafifu na kupiga picha 60, kila moja ikipokea mwanga kwa dakika moja. Baadaye kompyuta inazipanga picha hizo ili nyota zote zikae mahali pamoja, kisha inatafuta wastani. Nadharia waliyofundishwa inasema kwamba kadiri idadi ya picha inavyoongezeka ndivyo kelele inavyopungua. Kelele hapa ni mabadiliko ya mwanga katika picha yasiyotoka kwenye kitu kinachopigwa. Hata hivyo, nyuma ya nebula wanaona michirizi mingi myembamba, yote ikielekea upande mmoja mithili ya mvua inayopigwa na upepo. Baadhi yao huilaumu kamera. Wengine huhitimisha kwamba kazi ya maana haiwezekani bila mfumo wa mwongozo, yaani kamera ya pili inayoifuatilia nyota moja na kuirekebisha stendi kila baada ya sekunde chache.

Hitimisho hilo limewakatisha tamaa wengi, nalo si sahihi. Michirizi hiyo haitokani na ukosefu wa mwongozo peke yake, wala kamera si mbovu. Inatokana na kosa linalojirudia mahali palepale katika kitambuzi, na tiba yake imejulikana kwa wanaastronomia tangu miaka ya 1980. Tiba yenyewe ni kuisogeza darubini kidogo, kwa mpangilio usiotabirika, kati ya picha na picha. Wataalamu huiita ditha. Katika makala hii tutaiita usogezaji. Ili kuelewa kwa nini usogezaji unatibu, na kwa nini ulichelewa kuwafikia wasio na mwongozo, inatupasa kuanzia katika enzi ambapo haukuhitajika kabisa.

2.0 Enzi ya Bamba: Kuizuia Nyota Isihame

Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake mara moja kwa kila saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa sababu hiyo, nyota iliyo juu ya ikweta huonekana ikihama sekunde 15 za tao kwa kila sekunde moja ya saa. Sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kamera iliyofungwa mahali pamoja itaichora nyota kama mstari, na kadiri darubini inavyokuza ndivyo mstari huo unavyorefuka.

Waasisi wa upigaji picha za anga walipambana na tatizo hilo moja kwa moja. Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper, daktari wa New York, alipiga picha ya kwanza ya nebula iliyo katika Orion, kundi la nyota linalojulikana pia kwa Kiswahili kama Jabari. Bamba lake lilipokea mwanga kwa takriban dakika 50. Mwaka 1883, Andrew Ainslie Common wa Ealing, Uingereza, aliipiga picha nebula hiyohiyo kwa darubini yenye kioo cha inchi 36, na bamba lake likaonyesha nyota ambazo jicho halikuweza kuziona hata kupitia darubini. Mwaka 1888, Isaac Roberts aliipiga picha Andromeda kwa muda wa saa kadhaa na kuonyesha umbo lake la mzunguko, miongo kadhaa kabla ya kuthibitishwa kwamba ni galaksi nyingine iliyo nje ya yetu.

Mafanikio hayo yote yalitegemea mwongozo. Gia za stendi hazikuwahi kuwa kamilifu, kwa hiyo ilimlazimu mtu kukaa gizani, jicho likiwa kwenye darubini ndogo ya pembeni, akiiangalia nyota moja iliyowekwa kwenye makutano ya nyuzi nyembamba na kuirudisha kwa mkono kila ilipotaka kutoka. Edward Emerson Barnard, aliyefanya kazi katika vituo vya Lick na Yerkes nchini Marekani, aliutumia ustadi huo kwa miaka mingi kupiga picha za Njia Nyeupe. Atlasi yake mashuhuri ilichapishwa mwaka 1927, miaka minne baada ya kifo chake.

Kuna jambo moja katika enzi hiyo ambalo ni rahisi kulipuuza. Kila bamba lilitumika mara moja tu. Chembechembe zake za fedha zilikuwa zimetawanyika kwa namna isiyofanana na ya bamba lolote jingine. Mkwaruzo au doa lililokuwa katika bamba la leo halikuwamo katika bamba la kesho. Mwanaastronomia aliyetilia shaka alama fulani alipiga picha ya pili. Alama ikitoweka, ilikuwa kasoro ya bamba; ikibaki, ilikuwa ya angani. Kwa maneno mengine, makosa ya chombo yalikuwa yakihama yenyewe. Juhudi zote zingeweza kuelekezwa kwenye kuituliza nyota, kwa sababu bamba lilijisogeza kwa kule kubadilishwa kwake.

3.0 Kitambuzi cha Kudumu na Kosa la Kudumu

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa maabara za Bell nchini Marekani walibuni CCD, kifaa cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji ya umeme na kuihesabu pikseli kwa pikseli. Ubunifu huo uliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Katikati ya miaka ya 1970 kifaa hicho kilikwisha kutumika kuipiga picha sayari ya Uranus kwa darubini iliyoko Arizona. Bamba la picha lilikuwa likinasa asilimia chache tu za mwanga ulioliangukia, ilhali CCD iliweza kunasa zaidi ya nusu. Haishangazi kwamba ndani ya miaka kumi na mitano hivi vituo vikubwa vya utafiti vilianza kuyaacha mabamba.

Hata hivyo, badiliko hilo lilileta kosa la aina mpya. Kitambuzi kilekile hutumika usiku baada ya usiku. Pikseli yenye joto la ziada, yaani inayotoa chaji hata gizani, itatoa chaji hiyo katika kila picha. Pikseli isiyosikia mwanga vizuri haitasikia vizuri kesho wala keshokutwa. Safu inayosomwa na saketi kwa upendeleo kidogo itaendelea kupendelewa. Kasoro hizi hukaa mahali pamoja, nasi tutaziita kasoro tuli.

Hapa ndipo kanuni ya wastani inapofikia kikomo chake. Kelele ya nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 100 huipunguza mara 10. Lakini kanuni hiyo inadai kwamba makosa yasitegemeane kutoka picha moja hadi nyingine. Kosa linalojirudia vilevile katika picha zote 100 litabaki vilevile katika wastani wake. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kelele ya nasibu iwe elektroni 10 katika kila picha, na kasoro tuli iwe elektroni 2. Katika picha moja, kasoro tuli haionekani kabisa. Baada ya picha 25, kelele ya nasibu inashuka hadi elektroni 2 na kulingana nayo. Baada ya picha 100, kelele ya nasibu ni elektroni 1, na kasoro tuli, ambayo bado ni elektroni 2, ndiyo inayotawala picha. Mtafiti aliyeongeza bidii ameongeza uhakika wa kitu kisichokuwapo angani.

Ni kweli kwamba zipo njia za urekebishaji. Picha za giza hupigwa darubini ikiwa imefunikwa, ili zitolewe kwenye picha za anga. Picha za mwanga sawia hupigwa kwenye ukuta mweupe au anga la magharibi, ili kusawazisha usikivu wa pikseli. Njia hizi ni za lazima, ila hazitoshi. Picha za giza zina kelele yake zenyewe, na joto la kamera isiyopozwa hubadilika kati ya jioni na usiku wa manane. Mwanga wa ukutani nao hauna rangi ileile ya anga la usiku. Daima hubaki mabaki madogo ya kasoro, na mabaki hayo ndiyo yanayojitokeza mtu anapotafuta vitu hafifu kabisa.

4.0 Kutoka Maabara za Bell hadi Hubble

Waliokuwa wa kwanza kukwama kwenye mabaki hayo ni wale waliotafuta galaksi za mbali kabisa, ambazo mwanga wake ni sehemu ndogo sana ya mwanga wa anga lenyewe la usiku. Katika miaka ya 1980 J. Anthony Tyson, naye akiwa katika maabara za Bell, alitumia mbinu ya kuhama na kutazama: darubini ilipiga picha, ikasogezwa kidogo, ikapiga nyingine, na kadhalika. Galaksi moja iliangukia pikseli tofauti katika kila picha. Picha zilipotazamwa bila kupangwa, galaksi zilihama huku kasoro zikibaki, hivyo iliwezekana kuzitenga kasoro na kuzipima kutokana na data yenyewe. Picha zilipopangwa upya kwa kufuata nyota, galaksi zilitulia na mabaki ya kasoro yakatawanyika kama kelele ya nasibu, ambayo wastani huweza kuipunguza.

Tukilinganisha na enzi ya Barnard, mbinu ya Tyson ilikirudishia kitambuzi sifa ambayo bamba lilikuwa nayo bila mtu kuikusudia. Kitambuzi hakiwezi kubadilishwa baada ya kila picha. Lakini kikisogezwa, kila sehemu ya anga hukutana na pikseli mpya, kana kwamba kimebadilishwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa darubini ya Hubble. Kati ya tarehe 18 na 28 Desemba 1995, kwa uamuzi wa Robert Williams aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayosimamia utafiti wa darubini hiyo, Hubble ilielekezwa kwenye kipande kidogo cha anga katika kundi la Dubu Mkubwa na kupiga picha 342. Picha iliyounganishwa ilionyesha takriban galaksi 3,000. Hubble ina mwongozo wa usahihi wa hali ya juu mno, na bado darubini ilisogezwa kwa makusudi wakati wa kazi hiyo. Usogezaji ulikuwa na faida mbili: kuzitawanya kasoro, na kuchukua sampuli za nyota kwenye sehemu mbalimbali za pikseli. Faida ya pili ilimwezesha Andrew Fruchter na Richard Hook kubuni njia ya kuunganisha picha waliyoipa jina la manyunyu, ambayo ilitoa picha yenye pikseli za sekunde 0.04 za tao kutoka kwenye pikseli za kamera za sekunde 0.1. Historia hii inathibitisha jambo la msingi kwa hoja yetu: mwongozo na usogezaji ni vitu viwili tofauti. Mwongozo huhakikisha kwamba nyota imetulia ndani ya picha moja. Usogezaji huhakikisha kwamba haitulii mahali pamoja kutoka picha hadi picha.

5.0 Jinsi Usogezaji Ulivyofungamanishwa na Mwongozo

Karibu na mwaka 1990, vifaa vya mwongozo wa kielektroniki vilianza kuwafikia wapiga picha wa kawaida. Kimojawapo, ST-4 cha kampuni ya SBIG, kilienea kiasi kwamba jina lake bado linatumika kwa tundu la kebo ya mwongozo katika stendi nyingi za leo. Baadaye programu za kompyuta ziliichukua kazi hiyo, na usogezaji ukaingizwa ndani ya programu hizohizo: baada ya kila picha, programu iliamuriwa kuihamisha kidogo nafasi inayotarajiwa ya nyota ya mwongozo, na stendi ikafuata.

Mpangilio huo ulikuwa rahisi kitaalamu, lakini ulizaa dhana potofu. Kwa kuwa kitufe cha usogezaji kilikuwa ndani ya programu ya mwongozo, watumiaji wengi waliamini kwamba asiye na mwongozo hawezi kusogeza. Kwa muda mrefu dhana hiyo haikuwa na madhara makubwa, kwa sababu kamera za zamani zilikuwa na kelele kubwa ya usomaji na zililazimisha picha za dakika nyingi, ambazo zisingewezekana bila mwongozo. Hali ilibadilika vitambuzi vya CMOS, vilivyoendelezwa na Eric Fossum na wenzake katika miaka ya 1990, vilipoboreshwa kiasi cha kusomwa kwa kelele ndogo sana. Sasa picha nyingi za nusu dakika au dakika moja zinaweza kuunganishwa bila hasara kubwa, na stendi ya kawaida yenye mota inaweza kuifuata nyota kwa muda huo bila msaada. Kupiga picha bila mwongozo kumekuwa njia halali ya kazi, ila desturi ya usogezaji haikufuatana nayo.

6.0 Mwendo si Usogezaji

Huenda msomaji akauliza: ikiwa stendi isiyo na mwongozo huyumba yenyewe, je, haijisogezi tayari? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo linaloeleza michirizi ya wanafunzi wetu.

Chukua darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 400 na kamera yenye pikseli za mikromita 4. Kila pikseli hufunika takriban sekunde 2 za tao. Ikiwa mhimili wa stendi umekosea ncha ya anga kwa dakika 10 za tao, yaani sehemu moja ya sita ya digrii, nyota inaweza kuhama hadi sekunde 2.6 za tao kwa dakika. Ndani ya picha moja hiyo ni pikseli 1.3 tu, na nyota itaonekana ya mviringo. Lakini baada ya picha 60, uhamaji umefikia karibu pikseli 75, karibu wote ukiwa katika mstari mmoja. Kompyuta inapozipanga nyota, kila kasoro ya kitambuzi huburutwa kwenye mstari huohuo. Pikseli chache zenye joto kubwa hutambuliwa na kutupwa na programu, lakini maelfu ya kasoro dogodogo, ambazo hakuna hata moja inayovuka kiwango cha kutiliwa shaka, hulazwa bega kwa bega na kuwa michirizi. Kosa limehama, ila limehama kwa utaratibu, na utaratibu ndio unaoliponza.

Jambo hili linazihusu nchi zetu kwa namna ya pekee. Kampala iko takriban sehemu ya tatu ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Kigali iko karibu digrii 2 kusini, na Bujumbura zaidi ya digrii 3. Katika miji hii ncha za anga ziko kwenye upeo wa macho au karibu nao, nyuma ya majengo, vilima na ukungu. Nyota ya Kaskazini, inayomsaidia mtu wa Ulaya kuuelekeza mhimili wa stendi kwa dakika chache, kwetu haionekani au inaonekana kwa shida. Na hata inapoonekana, mpindo wa mwanga hewani huinyanyua kwa karibu nusu digrii. Zipo njia mbadala, kama kuangalia uhamaji wa nyota au kutumia programu inayotambua anga kutokana na picha. Lakini mtumiaji wa kwetu ana sababu zaidi za kuanza usiku akiwa na kosa la mhimili, na hivyo kuwa na uhamaji wa mstari mmoja.

Tiba haihitaji kifaa kipya. Stendi inayopokea amri za kompyuta inaweza kuelekezwa na programu ya kupiga picha isogee kidogo baada ya kila picha, au baada ya kila picha mbili au tatu. Asiye na kompyuta anaweza kutumia kitufe cha rimoti ya stendi: kwa kasi ya nusu ya mwendo wa nyota, kubonyeza kwa sekunde 3 huisogeza darubini karibu sekunde 22 za tao, sawa na pikseli 11 katika mfano wetu. Mambo manne yanapaswa kuzingatiwa. Kwanza, hatua iwe kubwa kuliko uhamaji wa asili kati ya usogezaji mmoja na mwingine, ama sivyo mstari utabaki. Pili, mwelekeo ubadilike bila mpangilio, katika mihimili yote miwili, huku darubini ikibaki kuzunguka shabaha ileile. Tatu, stendi ipewe sekunde kadhaa za kutulia kabla ya picha inayofuata. Nne, ikumbukwe kwamba nafasi tupu kati ya meno ya gia inaweza kuumeza msogeo mdogo wa kaskazini–kusini. Ni vema kuhakiki kwenye picha kwamba darubini imesogea kweli.

7.0 Mipaka ya Mbinu

Usogezaji una gharama. Muda wa kutulia hupotea, na kingo za picha hukatwa kwa sababu hazikufunikwa na picha zote. Aidha, haufai kwa kila kazi. Anayepima mwanga wa nyota moja ili kugundua sayari ikipita mbele yake hutaka kinyume: nyota ibaki kwenye pikseli zilezile usiku mzima, kwa maana tofauti ya usikivu kati ya pikseli moja na nyingine inaweza kufanana na mabadiliko madogo anayoyatafuta. Kwake kosa lisilohama halina madhara, kwani halibadiliki wakati nyota inabadilika. Kinachoamua ni swali la utafiti: kutafuta kitu hafifu mahali fulani, au kutafuta badiliko dogo kwa wakati.

8.0 Hitimisho

Historia tuliyoifuata inaonyesha kwamba usogezaji uliletwa na badiliko la chombo: bamba linalotupwa lilipopisha kitambuzi kinachodumu, makosa yaliyokuwa yakijitawanya yenyewe yalianza kujirudia, na ilibidi mtu ayatawanye. Kufungamanishwa kwake na mwongozo kulitokana na namna programu zilivyoundwa, wala hakukuwa sharti la kifizikia.

Kwa washauri wa sera, mapendekezo matatu yanafuata. Bajeti inapokuwa finyu, stendi inayopokea amri za kompyuta katika mihimili yote miwili na inayoweza kuinamishwa hadi latitudo ya sifuri inastahili kipaumbele kabla ya vifaa vya mwongozo. Mafunzo ya wanafunzi yajumuishe usogezaji tangu somo la kwanza la kuunganisha picha, pamoja na picha za giza na za mwanga sawia. Na kila kituo kitunze kumbukumbu za misogeo iliyofanywa usiku husika, ili anayedai kuona mkondo hafifu wa mwanga aweze kuulizwa: darubini iliposogezwa, mkondo huo ulikwenda na nyota, au ulibaki na kitambuzi?